Mkonge Katikati ya Miwa

Dada yangu Truphena Awino huuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Migori. Ukifika mapema utamkuta hajapanga kitu mezani, kwa sababu kwanza anachekecha. Ana chekeche lake la wavu wa dirisha, ameliunda mwenyewe, na kila gunia linaloletwa kutoka Homa Bay lazima lipite hapo kabla halijaingia kwenye gorogoro, kopo la kupimia. Omena huanikwa kwenye mchanga wa ufuoni, na mchanga husafiri nayo. Wauzaji wengi huuacha, maana mchanga nao hujaza gorogoro. Yeye huumwaga nyuma ya meza. Kwa miaka aliyokaa pale kumetokea kichuguu, na kuku wa soko huja kuoga humo.

"Min Apondi," jirani yake wa meza, Priscilla, humwambia, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza kama ilivyo desturi yetu, "wewe utamaliza ziwa zima ukitafuta samaki asiye na mchanga."

"Ziwa nimemwachia Mungu," dada hujibu. "Mimi nina gunia moja tu."

Mteja akiuliza kama omena ni ya leo, anaambiwa, "Ya juu ni ya leo. Ya chini ni ya juzi. Chukua ukitaka, lakini usimpikie mgeni."

Nimeanza na chekeche kwa sababu wengi wanamjua kwa hilo. Ninalotaka kueleza ni jambo la mwaka 1996, ambalo watu wanalijua nusu, na hiyo nusu wanaisema vibaya. Mimi nilikuwepo. Lilipitia mdomoni mwangu.

Mimi ni mdogo wake. Shule niliacha darasa la saba, nikaenda Ntimaru kubeba magunia katika duka la Abdishakur. Nilikaa huko miaka sita. Kiswahili nilikipata kwa wenye duka, Kikuria nikakipata kwa wateja. Niliporudi nyumbani kanisa likanifanya mkalimani wa wahubiri wageni. Kwa mtu mwenye haya kama mimi kazi hiyo ilinifaa, kwa sababu mkalimani husimama mbele ya watu bila kusema neno lake hata moja.

Lakini sikuwa mwaminifu sana. Mhubiri akisema maneno makali juu ya ulevi, na mimi namwona baba fulani kwenye benchi ya mbele, niliyapunguza makali. Akisema marefu, niliyafanya mafupi. Sabato moja tukitoka kanisani Truphena aliniuliza, "Yule mgeni alihubiri vizuri?"

"Vizuri sana."

"Nusu tuliyoisikia ilikuwa nzuri. Ile nyingine umeiweka wapi, omera, ndugu yangu? Mfukoni?"

Tulicheka wote wawili. Nilidhani ni mzaha tu.

Baadaye ofisi ya tarafa nayo ikaniita. D.O., yaani mkuu wa tarafa, alikuwa mtu wa Taita, hajui Kiluo wala Kikuria. Kila Alhamisi yeye na wazee wanne walisikiliza kesi za mashamba, wazee wawili Waluo na wawili Wakuria, nami nilikaa kwenye kiti cha mbao kati yao na wenye kesi. Kila kesi niliapa upya, mkono juu ya Biblia iliyofungwa jalada kwa utepe, kwamba nitatafsiri yote bila kuongeza wala kupunguza. Ukiapa mara nyingi hivyo, ulimi huzoea. Nilikuwa naapa kama mtu anayepiga mwayo.

Halafu ikaja kesi ya dada yangu.

Shamba lake liko mahali ambapo mashamba ya Waluo yanakutana na ya Wakuria. Yeye na marehemu mumewe, Samson Olweny, walipanda miwa, na malori yalikuja kuibeba kuipeleka kiwanda cha sukari cha Awendo. Upande wa pili wa mpaka aliishi mzee mmoja Mkuria, mpole, na kati yao kulikuwa na mstari wa mikonge ulioonyesha mpaka. Mzee alifariki mwaka 1995. Mwana wa ndugu yake, Wangwe, akaja kutoka Ntimaru kurithi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye hasira za karibu, na Kiluo hakukijua hata cha kuombea maji.

Siku moja Wangwe alikuwa akimfuata ng'ombe aliyevuka mpaka. Ndani ya miwa ya Truphena, hatua kumi na tano kutoka mstari wa mikonge, aliona mkonge mdogo wa urefu wa kiganja. Hatua chache mbele akaona mwingine. Alisimama akatazama huku na huku, ikawa kama mtu amemwonyesha kamba iliyonyoshwa. Mikonge haijipandi katikati ya miwa. Wiki hiyo hiyo alikwenda ofisi ya tarafa.

Jumanne kabla ya kesi nilikuwa uani nikipukuchua mahindi nilipomwona Ogweno akiingia, kofia kichwani. Ogweno ni mdogo wa marehemu Olweny, yaani shemeji ya dada yangu. Nilimpa kigoda. Hakukaa.

"Yuora," alisema, maana kwetu wakwe huitana hivyo, "Alhamisi ni wewe utakayekalia kile kiti?"

"Ni mimi."

"Basi tumeshinda." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nitajisemea kwa Kiswahili changu. Yule mwanamke ndiye atasema kwa Kiluo. Akisema vizuri, tafsiri vizuri. Akisema vibaya, una akili."

"Lakini naapishwa, yuora."

"Unamwapia D.O. Huyo mwaka ujao wanampeleka Turkana akachunge ngamia. Mimi nitakuwa hapa. Wewe utakuwa hapa."

Niliendelea kupukuchua gunzi ambalo lilikuwa limekwisha.

"Na kaburi?" alisema kwa sauti ya chini. "Unajua liko wapi."

Nilijua. Kwetu mume huzikwa upande wa kulia wa nyumba ya mkewe, ndani ya boma. Nyumba ya Truphena iko karibu na mpaka, na upande wake wa kulia ndio uliotazama kwa jirani. Olweny alipofariki mwaka 1994, Ogweno ndiye aliyechagua mahali pa kuchimba. Alipiga hatua kutoka ukutani, akaendelea kupiga, watu wakashangaa kwa nini mbali hivyo. Wengine walielewa. Kwetu kaburi hushika ardhi kuliko hati. Hakuna mtu anayeweza kukuambia uondoke mahali mtu wako amelala.

"Mpaka ukirudishwa," Ogweno alisema, "ndugu yangu atakuwa amelala kwa watu. Umewahi kusikia jambo kama hilo? Siku hiyo dada yako atafunga mizigo. Hatuwezi kukaa na mwanamke aliyemtoa mume wake nje ya boma kwa mdomo. Ana watoto wanne. Utawaweka wapi, kwenye hicho kijumba chako?"

Alitoka bila kuaga. Usiku ule nilikula ugali bila kujua mboga ilikuwa nini.

Jumatano niliwahi kwa dada. Nilimkuta kwenye miwa akipalilia, miwa ikimfika begani. Hakuacha kazi. Alipiga jembe mara mbili, akainama, akanyosha mkono wenye kitu.

"Wa tano huu tangu asubuhi," alisema.

Ulikuwa mkonge, mdogo, majani matatu, ncha zake bado laini.

Sikuuliza, kwa sababu sikutaka kujua. Aliniambia hata hivyo. Ilikuwa mwaka 1986. Mzee jirani alikuwa amelazwa Homa Bay karibu miezi mitatu. Olweny alisema shamba ni dogo, watoto wanakuja, na mzee hana mtoto wa kumrithi. Waliingia mchana kweupe, mume na mke, siku mbili. Dada alichimba, Olweny akang'oa na kupanda upya hatua kumi na tano ndani ya shamba la mzee. Mzee aliporudi macho yalikuwa yamefifia. Alipita kando ya mikonge akiigusa kwa fimbo, akaona ipo, akaridhika.

"Mkonge ukiung'oa mzizi haumaliziki," Truphena alisema. "Mvua ikinyesha unachipuka pale pale ulipokuwa. Olweny alisema, kila palizi ukiuona, ng'oa. Nimeng'oa miaka kumi, omera. Nilibatizwa mwaka 1990, Jumatatu iliyofuata nikaingia hapa nikang'oa. Nilimwambia Olweny tukamwambie mzee. Akasema tungoje tuvune. Tukavuna. Akasema tungoje tena. Akafa. Nikabaki na mzee peke yetu, na bado niliogopa. Siku ya kumzika mzee nilipeleka uji, nikasimama pale kama mtu mwema."

Alifuta jembe kwa majani.

"Sokoni wananisifu kwa chekeche. Mchanga wa omena nautoa, uongo huu naufukia."

"Dada," nilimwambia, "kesho sema hujui. Wewe ni mwanamke uliyeolewa hapa, mipaka ni mambo ya wanaume. Hakuna atakayeshangaa. Kusema hujui si uongo mkubwa."

"Ni mdogo, kama huu," alisema, akiutupa ule mkonge juu ya rundo la magugu. "Halafu mvua inanyesha."

"Na kaburi? Na watoto? Ogweno amesema utafunga mizigo."

Hapo jembe lilisimama. Alitazama upande wa nyumba. Kutoka pale ungeweza kuona saruji ya kaburi na nguo za watoto zilizoanikwa kwenye kamba.

"Naogopa," alisema. "Usidhani siogopi. Tangu Wangwe aende ofisini silali vizuri. Lakini kesho wataniuliza nikiwa nimeshika Biblia, na nitasema tulichofanya. Swali langu ni kwako. Mimi Kiswahili changu ni cha omena, bei na salamu, basi. Maneno yangu yakitoka mdomoni yataingia kwako. Utayapeleka?"

Nilisema mvua inakuja, heri nirudi. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Hakuniita.

Alhamisi chumba cha ofisi kilijaa hadi nje. Bati lilikuwa limeanza kulia kwa joto. Upande wa kushoto walikaa watu wa Ogweno, labda ishirini. Upande wa kulia Wangwe alikaa na wajomba zake wawili. Truphena alikaa peke yake kwenye benchi ya mbele, gauni lake la Sabato, mikono magotini.

Niliapa. Mwayo haukuwepo siku hiyo. Mkono wangu uliacha alama ya jasho kwenye jalada.

Wangwe alieleza kwa Kikuria, nami nikatafsiri. Alieleza juu ya ng'ombe na mikonge midogo. Watu wa kushoto walicheka. Mmoja akasema kwa Kiluo, "Ng'ombe wake ndiye serveya!" D.O. akaniuliza amesema nini. Nikatafsiri. Hata wazee walitabasamu, lakini Wangwe hakutabasamu.

Ogweno alisimama, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili kwamba mpaka ni ule ule tangu babu zao, kwamba mkonge huletwa na ndege, na kwamba ndugu yake asingeweza kuzikwa kwenye ardhi ya mtu mwingine, kwa maana Mjaluo hazikwi ugenini. Alisema vizuri. Niliona kalamu ya D.O. ikienda.

Kisha Truphena akaitwa. Alishika Biblia kwa mikono miwili.

"Muulize," D.O. aliniambia, "kama anajua mikonge ya mpaka imewahi kuhamishwa."

Nikamuuliza kwa Kiluo. Alijibu bila kungoja. Alisema, "Najua. Tuliihamisha mimi na mume wangu, mwaka wa themanini na sita, mzee akiwa hospitali. Mpaka wa kweli uko hatua kumi na tano ndani ya miwa yangu."

Wote wa upande wa kushoto walikuwa wamesikia. Mzee mmoja Mluo pale mezani alikohoa, akainama kutafuta kitu sakafuni. Mwenzake alitazama dirishani. Wazee wa Kikuria walinitazama mimi, Wangwe alinitazama mimi. Kiatu cha Ogweno kilisogea nyuma yangu. Nilikijua bila kugeuka.

"Anasema nini?" D.O. aliuliza.

Nilimwona Apondi, binti yake mkubwa, mlangoni, amembeba mdogo wake mgongoni. Nikaona mizigo, na kaburi upande wa pili wa ua wa mtu.

"Anasema," nikasema, "hakumbuki vizuri."

Kalamu ikaanza kuandika. Nyuma yangu watu walipumua. Sikuweza kumtazama dada, lakini nilimtazama. Kiswahili cha omena kinatosha kwa maneno hayo mawili. Sokoni husikia kila siku mtu akisema hakumbuki deni. Alikuwa ameelewa. Angeweza kusimama na kusema, "Mimi nakumbuka," na ningeaibika mbele ya tarafa nzima. Hakusimama.

Kisha akanisemesha mimi, si D.O. Alisema tena yale yale kwa Kiluo, polepole, neno moja moja, kama anavyomwonyesha mteja ni omena ipi ya leo na ipi ya juzi. Mimi na mume wangu. Mwaka wa themanini na sita. Hatua kumi na tano. Halafu akaiweka Biblia magotini, akanisubiri.

"Ameongeza nini?" D.O. aliuliza.

Jasho liliingia jichoni nikaliacha humo.

"Bwana D.O.," nikasema, "hajaongeza kitu. Amerudia. Ni mimi niliyekosea mara ya kwanza."

"Umekosea vipi?"

"Nimetafsiri uongo."

Benchi ya kushoto iliinuka yote kwa pamoja, na askari wa utawala aliyekuwa mlangoni akaingia ndani. Mtu alipiga kelele kwamba nimelishwa ugali wa wimbi Ntimaru miaka sita na sasa naulipa. D.O. aligonga meza kwa kiganja hadi wakakaa. Kisha akanigeukia.

"Unajua naweza kukufunga leo?"

"Najua."

"Sema alichosema. Chote."

Nikasema chote. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie. Nilitafsiri kwa Kikuria pia ili Wangwe asikie, na nilipofika kwenye mzee aliyekuwa hospitali, Wangwe aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono.

Alasiri hiyo hiyo D.O. na wazee walikwenda shambani, na umati nyuma yao. Truphena alitangulia kwenye miwa. Hakutafuta. Alijua kila mahali, kama mtu anavyojua vidonda vyake. Alionyesha kwa kidole cha mguu, askari akachimba, na chini ya magugu kukawa na mizizi ya zamani, minene, myeusi, na juu yake vichipukizi vipya vya wiki hiyo. Walichimba mara saba, na mara zote saba mkonge ulikuwepo. Wakafunga kamba kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Kamba ilipita kati ya nyumba na kaburi. Olweny alikuwa amebaki upande wa pili kwa hatua nne.

Dada yangu alisimama upande wa nyumba, akiutazama ule uzi wa katani uliokuwa sasa kati yake na mumewe. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu jambo hilo lianze, bila sauti.

"Mmeona?" Ogweno alisema. "Mmeridhika? Mtu wetu amelala ugenini!" Akaniita jina ambalo sitaliandika.

Wangwe alikuwa amesimama kando ya kaburi. Alikuwa na panga mkononi kwa ajili ya kukata miwa iliyozuia kamba, na kwa jinsi alivyolishika, askari alimsogelea. Alianza kusema kwa Kikuria, haraka, na D.O. akaniashiria nitafsiri.

"Anasema miwa iliyosimama avune huyu mama, ameipalilia. Ikishavunwa, jembe litakaloingia hapa ni lake yeye, Wangwe."

"Na kaburi?" mzee mmoja aliuliza.

Wangwe alijibu, akimnyooshea Ogweno ncha ya panga. Nilisita. Truphena aliniangalia tu.

"Anasema kwao mfu hahamishwi. Kaburi libaki. Anasema mama huyu ameogopa na bado amesema, basi yeye na watoto wake watapita kwenda kaburini siku yoyote bila kuomba ruhusa. Lakini yule mwanamume mwenye kofia, aliyechagua hapa pa kuchimba, asikanyage."

"Amesema hivyo? Na kofia ameitaja?" Ogweno alifoka.

"Na kofia ameitaja, yuora."

Mtu mmoja kwenye umati alicheka, akanyamaza mara moja.

Nisiseme kwamba mambo yalikwisha vizuri. Jumapili Ogweno alifika na nyundo, akang'oa mlango wa nyumba ya dada yangu, kwa sababu ni yeye aliyeuleta mwaka ule Olweny alipofariki. Nilikuwepo. Truphena alikuwa ameketi nje akichekecha omena. Alinyanyuka akamshikia mlango upande mmoja ili usimwangukie.

"Chukua na bawaba, shemeji," alimwambia. "Bila bawaba hautakufaa."

Kumfukuza hawakuweza, kwa kuwa shamba lililobaki lina hati kwa jina la Olweny. Lakini waliacha kumsalimu. Kwenye matanga watu wa ukoo walihama benchi akikaa. Gunia lilining'inia mlangoni kwake miezi mitatu, hadi watu wa kanisa tulipochanga mbao. Apondi alimuuliza siku moja kama ilikuwa lazima. Dada alimwambia hajui kama ilikuwa lazima, anachojua ni kwamba sasa analala.

Mimi, Alhamisi iliyofuata, nilimkuta mtu mwingine kwenye kile kiti. D.O. alinisalimia vizuri, hakunifunga, ila hakuniita tena. Ni haki. Bado natafsiri kanisani. Maneno makali nayapeleka na makali yake, na yule baba wa benchi ya mbele amehamia benchi ya nyuma.

Miwa ile ilivunwa mwaka uliofuata. Kabla lori halijatoka, Truphena alipita kwenye mstari ule na jembe begani. Mvua ilikuwa imenyesha na mikonge ilikuwa imechipuka kwa wingi. Nilidhani atapiga jembe kwa mazoea. Alipita kati yake akiinua gauni lisishikwe na miiba, akaenda kufagia kaburi. Wangwe alikuwa ng'ambo akifunga ng'ombe. Aliinua mkono, dada naye akainua wake. Hapakuwa na zaidi, kwa sababu hapakuwa na lugha.

Jioni alikuja kwangu na omena kwenye gazeti.

"Hii ni ya leo yote," alisema. "Ya juu na ya chini. Nataka unifundishe kumsalimu yule mtu kwa Kikuria. Salamu, na namna ya kusema pole kwa tuliyomfanyia mzee wake. Hilo la pili nimechelewa miaka kumi na moja."

"Si naweza kukuendea nikamwambia?"

Alinitazama, nikaona kicheko kikija kutoka mbali.

"Wewe?" alisema. "Hapana, omera. Hili nitalibeba mwenyewe."